Lisiti Yetu Iko Wapi? Kuchunga na Kugawa Faili za Koperative



Sisi ni komite ya koperative moja ya kahawa kwenye kando ya Ziwa Kivu, upande wa Kalehe. Tuliomba nafasi katika gazeti hili si kwa kujisifu juu ya kilo tulizouza. Tunataka kuwaeleza jambo lililotupata msimu mmoja, jambo ambalo halikutoka kwenye mvua, wala kwenye ugonjwa wa miti, wala kwenye bei. Lilitoka kwenye faili.

Jina la koperative hatuliandike. Wanamemba wetu walikubali habari itoke, lakini hawapende watu wote wajue ni kijiji gani kinangojea makuta. Hata hiyo ni sehemu ya somo, mtaiona mbele.

Siku telefone iliingia mu ziwa

Ilikuwa asubuhi, kwenye bandari ya mitumbwi. Sekretere wetu alikuwa anarudi kutoka vijiji vya mbali. Wiki nyingi alikuwa amezunguka milima pamoja na animatere, shamba kwa shamba, akichukua alama ya GPS ya kila mkulima. Wakati wa kushuka, mtumbwi ulitikisika, telefone ikatoka kwenye mfuko wa shati, ikaingia majini. Vijana waliruka, wakaitafuta, wakaipata. Ilikuwa imekufa.

Prezida alimuuliza: "Sekretere, kopi iko wapi?"

Akajibu polepole: "Prezida, yote ilikuwa mu telefone."

Hatukumukasirikia, juu kosa haikuwa yake peke yake. Sisi njo tulimutuma na telefone yake mwenyewe, na inite za makuta yake mwenyewe, bila kumuambia jioni aweke wapi kazi ya mchana. Depo yetu iko na kufuli na mlinzi. Mizani iko na mtu wa kuichunga. Hata mifuko mitupu tunaihesabu. Lakini faili zenye majina, kilo na mashamba ya watu wote, hazikuwa na nyumba wala mchungaji.

Tulirudi milimani. Majina na kilo tuliyapata tena, juu kwenye kituo cha kuoshea kahawa tulikuwa na kaye ya mapokezi. Alama za GPS hazikuwa zimeandikwa kwenye karatasi yoyote. Ilibidi kutembea mara ya pili shamba zote, wakati kahawa ilikuwa tayari kwenye depo na mnunuzi alikuwa anaulizia.

Juu ya nini mnunuzi anaomba faili

Wanamemba wengi walituuliza: "Zamani tulikuwa tunauza kahawa, sasa tunauza na makaratasi?" Jibu ni ndiyo, na sababu yake ni hii.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya mali saba: kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe. Mali hizo haziruhusiwe kuingia kwenye soko lao kama zimetoka kwenye shamba ambapo pori lilikatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020. Anayeingiza kahawa kule anapaswa kuonyesha ilitoka kwenye mashamba gani. Shamba lisilopita hekta 4, alama moja ya GPS inatosha. Shamba linalopita hekta 4, lazima mtu alizunguke na kuchukua mipaka yake. Tarehe ya kuanza kutumia sheria hiyo imesogezwa mara zaidi ya moja, lakini wanunuzi wengi hawakungoja. Wameisha kuanza kuomba.

Kwa sisi ambao wengi tuko na shamba dogo, ni alama moja tu. Lakini alama hiyo ni namba, na namba inaharibika kirahisi kuliko mtu anavyofikiri. Tuchukue mfano wa shamba la upande wetu:

-2.104512, 28.905310

Ile kistari cha mbele ya 2 kinasema: tuko kusini ya ikweta. Tulipokuwa tunahamisha namba kutoka telefone moja kwenda mashini ya ofisi, mtu mmoja alifikiri kistari ni uchafu, akakifuta. Bila kistari, shamba la mama wa Kalehe linaruka ikweta, linaenda kuonekana kaskazini, kwenye pori la Ituri, upande wa hifadhi ya Okapi. Sasa ufikiri mnunuzi anafungua ramani na kuona kahawa yetu imetoka katikati ya pori kubwa! Na ukigeuza namba, ya pili ikawa ya kwanza, shamba linaangukia jangwa la Sahara, kule Algeria, ambako hata mti mmoja wa kahawa hauwezi kusimama.

Kuna kosa lingine la mashini. Mashini zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa desimali inaandikwa kwa koma. Telefone inaandika kwa nukta. Excel ikikosa kuelewa nukta, inaweza kugeuza alama nzima ikawa namba kubwa isiyo na maana, ao kupunguza tarakimu za mwisho. Sheria ile ya Ulaya inaomba tarakimu 6 nyuma ya nukta. Njo maana tunasema: faili ya kwanza, ile iliyotoka kwenye telefone ya shambani, haiguswe. Tunaiweka vile ilivyo, na kazi ya kupanga tunaifanyia kwenye kopi.

Lisiti finale, na lisiti finale ya kweli

Tulifikiri somo limeisha. Kumbe lililobaki lilikuwa kali zaidi.

Kisha kahawa kuuzwa, tulitayarisha malipo ya pili, yale tunayoita risturne. Kontabule alikuwa na lisiti kwenye mashini. Mukubwa wa kituo alikuwa na kopi ya lisiti hiyo kwenye telefone, aliyoipokea kwa WhatsApp. Kontabule akasahihisha yake. Mukubwa wa kituo akasahihisha yake. Kila mmoja alifanya kazi nzuri, lakini kila mmoja upande wake. Kwenye mashini kulikuwa na faili yenye jina "Liste finale". Kando yake "Liste finale 2". Na kwenye telefone "Liste finale ya kweli".

Siku ya malipo watu walifika mapema, wengine walikuwa wameanza safari usiku. Ilikuwa wakati wa kulipa masomo ya watoto. Mama mmoja mjane alifika mbele ya meza. Kontabule alitafuta jina, hakuliona. Mama hakupiga kelele. Alifungua kopo la maziwa ya unga, akatoa bahasha ya plastiki, na ndani yake risiti zote za msimu, zimefungwa na uzi.

"Mwanangu," alimuambia kontabule, "mimi sijue kusoma. Lakini kila karatasi muliyonipa, sikutupa hata moja."

Tulihesabu risiti moja moja mbele ya watu. Mama alikuwa na haki. Jina lake lilikuwa kwenye lisiti ya telefone, halikuwa kwenye lisiti ya mashini. Kisha akatokea mwingine, na mwingine. Tulisimamisha malipo. Watu walirudi nyumbani mikono mitupu, na mzee mmoja alisema maneno ambayo bado tunayasikia: "Kama lisiti ziko mbili, nani anakula katikati?"

Hakuna mtu aliyekula. Tulirudilia hesabu yote kutoka kaye za kituo na risiti za wanamemba, na kila mtu alipata chake. Lakini ilichukua wiki, na katika wiki hizo kuna watoto waliokaa nyumbani, na kuna wanamemba waliopeleka kahawa yao kwa wachuuzi wa usiku. Kwa mkulima anayengojea makuta, faili mbili zenye kupingana zinafanana na wizi. Koperative inaweza kuwa safi kabisa na bado ikapoteza watu wake, juu ya faili tu.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari tatu, na mali ilikaribia kupotea vilevile.

Mambo tuliyobadilisha

Hatukununua programu ya bei. Tulikaa mkutano, tukapanga kanuni chache ambazo hata memba mupya anaweza kuzishika.

Kanuni ya kwanza: kila lisiti iko na mwenyewe mmoja. Lisiti ya wanamemba ni ya sekretere. Lisiti ya kilo ni ya mukubwa wa kituo. Lisiti ya malipo ni ya kontabule. Mwingine akiona kosa, hasahihishe kwenye kopi yake. Anamuambia mwenye lisiti, na mwenye lisiti anasahihisha. Wengine wanasoma tu.

Kanuni ya pili: neno "finale" limekufa. Jina la faili linaanza na tarehe, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, kisha kitu chenyewe na mahali. Kwa mfano: 2025-05-14 Mapokezi Kituo 1. Ukiandika hivyo, mashini yenyewe inazipanga kwa mstari, ya zamani juu na ya leo chini, na hakuna mtu wa kuuliza ile mupya ni gani. Faili za zamani hatuzifute. Ziko na dosye yao, zinaitwa "Zamani".

Kanuni ya tatu: kopi tatu. Moja kwenye mashini ya ofisi. Moja kwenye flashi inayokaa mbali na ofisi, nyumbani kwa memba wa komite aliyechaguliwa. Moja kwenye intaneti, juu Google inatoa bure nafasi ya giga 15, na kwa lisiti zetu ni nyingi sana. Lisiti ya wanamemba elfu moja ni ndogo kuliko picha moja ya telefone, haile mega. Mashini ikiungua, flashi iko. Ofisi ikivunjwa, ao watu wakikimbia vita, kopi ya intaneti inafunguliwa kokote tutakapofika. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kufundishwa kwamba siku moja unaweza kutoka nyumbani na nguo tu.

Flashi ya kopi haiende kwenye cyber. Flashi inayozunguka kwenye mashini za kuprinti inarudi na virusi; dosye zote zinageuka vinjia vya mkato visivyofunguka. Kwa kuprinti tuko na flashi nyingine, na hakuna tunachokiogopa kupoteza ndani yake.

Kanuni ya nne: karatasi haifukuzwe. Kaye ya kituo njo ilituokoa mara ya kwanza, na kopo la mama njo lilituokoa mara ya pili. Kwa hiyo kila mapokezi yanaandikwa kwenye kaye, mkulima anapewa risiti, na kila mwisho wa wiki kurasa za kaye zinapigwa picha. Alama ya GPS vilevile: animatere anaiandika kwa kalamu kwenye fishi ya shamba, kistari na tarakimu zote 6, kabla ya kuondoka pale.

Kanuni ya tano: telefone ya kazi ni ya koperative. Tulinunua moja, si ya bei kubwa, na mfuko wa plastiki wa kuizuia maji. Namba ni ya koperative, anwani ya intaneti ni ya koperative. Neno la siri liko kwenye bahasha iliyofungwa, imetiwa sahihi na watu wawili, ndani ya sanduku la feza. Sekretere akimaliza muda wake, siku ya kukabidhiana kazi anatoa telefone, flashi na bahasha mbele ya komite, na neno la siri linabadilishwa palepale. Tunajua koperative ambapo sekretere aliondoka kwa hasira na kumbukumbu za miaka mingi zikaondoka naye. Hakuiba, zilikuwa tu kwenye telefone yake.

Kugawa: nani anapata nini

Kuchunga ni nusu ya kazi. Faili iliyofungwa ambayo mwenye haki hawezi kuiona ni sawa na faili iliyopotea. Lakini faili inayotupwa kwa kila mtu ni hatari.

Zamani tulikuwa tunatupa lisiti yote kwenye grupe ya WhatsApp: jina, namba ya telefone, kijiji, na makuta atakayopata. Tulifikiri huo njo uwazi. Usiku mmoja wanamemba walituambia wanaogopa kulala, juu grupe iko na watu ambao hatuwajui, na sasa wanajua kila nyumba itakayokuwa na feza. Walikuwa na haki. Tena nchi yetu iko na sheria: Kodi ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Namba ya kadi na telefone ya memba si vitu vya kutupa njiani.

Sasa tunagawa hivi. Mwanamemba anapata mstari wake: kilo zake, bei, na kile atakacholipwa. Anayejua kusoma anapata ujumbe. Asiyejua kusoma, ao asiye na telefone, tunamusomea kwenye kituo, yeye na risiti zake mkononi, siku tatu kabla ya malipo, ili kosa lionekane kabla watu hawajatembea njia ndefu. Mkutano mkuu unapata jumla: kilo zote, makuta yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, na hiyo tunaibandika ukutani. Mnunuzi anapata namba ya mkulima, alama ya shamba na kilo. Namba ya telefone ya mkulima hahitaji. Kila tunachotuma nje, sekretere anaandika kwenye kaye: siku gani, kwa nani, faili gani.

Kuhusu kutuma, kuna jambo dogo lenye maana. Ukituma picha ya karatasi kwa WhatsApp kama picha, WhatsApp inaipunguza, na namba ndogo zinakuwa ukungu. Mnunuzi alikwisha kuturudishia karatasi mbili akisema hazisomeke. Ituma kama dokima, siyo kama picha. Hapo inafika vile ilivyo.

Na mafundisho je? Mega ni bei, na video ya kupogoa kahawa ni nzito. Hatuambie kila mtu aishushe. Animatere anaishusha mara moja akiwa mjini, kisha anaigawa kijijini kwa Bluetooth ao kwa kadi ya memwari, bila kulipa inite hata moja. Access Agriculture, kwa mfano, inaweka bure video za wakulima katika lugha nyingi, na Kiswahili kiko ndani. Mama wakikusanyika kwenye vitanda vya kukaushia kahawa, telefone moja inatosha watu kumi, na wanabishana juu ya makasi vile inavyostahili.

Miaka kumi

Kanuni za OHADA, ambazo Kongo iliziingia mwaka 2012, zinaomba vitabu vya hesabu na makaratasi yake yachungwe miaka 10. Telefone gani inaishi miaka 10 kwetu? Flashi gani? Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa kwanza, tunahamisha yote kwenye flashi mupya, na tunafungua faili chache kuona kama zinasomeka. Kopi ambayo hakuna mtu aliyejaribu kuifungua, hatuihesabu kuwa kopi.

Msimu uliofuata, wiki ya malipo, sekretere alishikwa na malaria kali, akalazwa. Zamani tungeahirisha. Safari hii makamu wake alifungua bahasha mbele ya watu wawili, akaingia kwenye dosye, akaona lisiti ya tarehe ya mwisho, akaprinti. Watu walilipwa siku ile ile iliyotangazwa. Yule mama mjane alifika na kopo lake vilevile. Tulisoma mstari wake, akahesabu risiti zake kwa vidole, akaitika kwa kichwa. Kisha akafunga uzi, akarudisha risiti ndani ya kopo. Hatukumuambia aache. Tungependa kila memba awe na kopo.

Wiki hii, mwulize komite yenu maswali matano

1. Lisiti yetu ya wanamemba iko wapi leo, na nani ni mwenyewe?
2. Telefone ao mashini ikipotea usiku huu, kopi nyingine ziko wapi, na nani alizifungua mara ya mwisho?
3. Sekretere akigonjwa ao akiondoka, nani mwingine anaweza kuingia?
4. Alama ya shamba langu iko na kistari mbele na tarakimu 6 nyuma ya nukta? Nionyesheni kwenye ramani.
5. Nani nje ya koperative alipewa jina langu na namba yangu ya telefone, na juu ya nini?

Kama komite inajibu yote bila kutafutatafuta, muishukuru, juu ni kazi isiyoonekana. Kama inakosa, musiigombeze. Mukae chini pamoja, mununue flashi, mufungue kaye, muanze.

Tunawatakia msimu mwema.